Tuunusuru mkono wa mchumaji

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, mazungumzo ya visiwani huwa ni ya bei, magunia na majamvi. Ni haki iwe hivyo, kwani zao hilo limejenga nyumba na kusomesha watoto wetu, hususan kisiwani Pemba. Lakini ipo hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari la mauzo, nayo ni hesabu ya mikono iliyovunjika.

Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake hukatika ghafla. Anayeanguka hutanguliza mkono kuunusuru mwili, na uzito wote hushukia kwenye kifundo cha mkono, kigasha au kisugudi. Kwa mtu asiye na mtaji ila viganja vyake, mkono huo ndio shamba lake na ndiyo akiba yake.

Hapana budi tuseme wazi kwamba si kila mfupa uliovunjika unahitaji kisu. Mifupa ya watoto ina uwezo mkubwa wa kujinyoosha yenyewe kadiri wanavyokua. Mfupa wa mkono wa juu mara nyingi huungana kwa kufungwa tu. Wazee wengi waliovunjika kifundo cha mkono nao hupata nafuu ya kutosha mfupa ukirudishwa mahali pake na kufungwa plasta, au hogo kama wasemavyo watu, kwa muda wa wiki sita hivi.

Kigasha cha mtu mzima ni jambo jingine. Kina mifupa miwili, na mmoja huuzunguka mwenzake kila tunapogeuza kiganja. Mifupa hiyo ikiungana hali imepinda, kiganja hakigeuki tena: mwenyewe hawezi kukinga maji ya udhu wala kushika jembe sawasawa. Ndiyo maana madaktari huifunua, wakainyoosha na kuishikiza kwa mabamba ya chuma na skurubu. Njia hiyo ilienezwa sana na kundi la madaktari wa Uswisi walioungana mwaka 1958, na kusudi lake ni kwamba mgonjwa aanze kuutumia mkono mapema, viungo visije vikakauka. Na pale mfupa unapotoboa ngozi, hapana mjadala: kidonda lazima kisafishwe katika chumba cha upasuaji, na dawa za kuzuia usaha zianze mara moja.

Adui mkubwa katika haya yote ni kuchelewa. Wengi wetu humpeleka majeruhi kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa. Hatuwadharau wazee hao, kwani wamewasaidia watu tangu zama ambazo hospitali ilikuwa mbali. Hatari ni banzi lililokazwa mno. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikafa ganzi na kuwa baridi, hiyo ni dalili kwamba damu haipiti, na nyama ya mkono huweza kuanza kufa ndani ya muda wa saa zipatazo sita. Banzi lifunguliwe papo hapo na mgonjwa akimbizwe hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Naye anayefika baada ya wiki tatu humkuta daktari na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mfupa umekwisha anza kuungana vibaya. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa upande wa Serikali, yapo ya kushukuru. Matibabu bure yalikuwa miongoni mwa matunda ya Mapinduzi ya 1964, na tangu mwaka huo madaktari kutoka China wamekuwa wakija kutuhudumia. Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo na kufunguliwa mwaka 2016. Lakini jengo peke yake haliungi mfupa. Anahitajika daktari bingwa, mtaalamu wa dawa ya usingizi, eksirei inayofanya kazi, na mabamba na skurubu za vipimo vyote. Kikikosekana kimoja, mchumaji hulazimika kuvuka bahari na mkono wake umening'inia.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, kabla ya kila msimu, akiba ya vyuma na dawa ihesabiwe na ijazwe huko huko Pemba ziliko karafuu nyingi. Pili, waganga wa mifupa waitwe, wafundishwe dalili za hatari, nao wawe wa kwanza kumpeleka mgonjwa hospitali. Tatu, masheha waandike kila aliyeanguka, ili tujue ukubwa wa tatizo na fedha za karafuu zichangie matibabu yake.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Ngazi zikaguliwe, kamba zitumike, na watoto wasipandishwe mitini. Karafuu ikianguka chini huokotwa. Mkono ukishapotea hauokotwi.