Bingwa akiangushwa, hukumu ingoje pambano la pili

MASHABIKI wa ndondi wana desturi yao kila bingwa wa dunia wa uzani mzito anapoangushwa na mtu asiyetarajiwa. Kwanza huduwaa, kisha hubishana. Wapo wanaosema ni bahati tu, wapo wanaoapa kwamba pambano lilipangwa, na wapo wanaomgeuka bingwa waliyemshangilia jana na kudai kuwa hakuwahi kuwa bondia wa maana.

Ndivyo ilivyokuwa alfajiri ya Juni 2, 2019, kwa saa za Afrika Mashariki, Anthony Joshua alipopokonywa mataji ya WBA, IBF na WBO na Andy Ruiz katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Joshua, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alikuwa hajashindwa katika mapambano 22 ya kulipwa. Ruiz, Mmarekani mwenye asili ya Mexico, alipanda ulingoni na kitambi kilichowachekesha wengi kabla ya kengele kulia. Katika raundi ya tatu aliangushwa, akainuka, akamwangusha bingwa mara mbili. Katika raundi ya saba alimwangusha mara mbili tena, na refa akalisimamisha pambano.

Uchungu wa shabiki wa Kenya ulikuwa na chanzo chake. Nchi hii haijapata medali ya ndondi katika Olimpiki tangu Seoul 1988, Robert Wangila alipotwaa dhahabu na Chris Sande shaba. Kwa kukosa bingwa wa nyumbani, shabiki hukopa wa nje, na Joshua alihesabiwa na wengi kuwa mwana wa Afrika. Aliyeanguka New York alianguka na fahari ya kuazima.

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, haijulikani kwa ngumi. Fahari yake ni miguu ya wanariadha. Hata hivyo, pengine hakuna mahali nchini ambapo kisa cha namna hii kingepaswa kueleweka upesi zaidi, kwa sababu wenyeji wameishi na mabingwa, wakawaona wakipanda na kushuka.

Tuanze na hoja ya bahati. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Lakini dau la Ruiz lilikuwa limekwisha kutwekwa tanga. Hakuwa chaguo la kwanza la kupigana na Joshua. Jarrell Miller ndiye aliyepangiwa, akaondolewa baada ya kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Ruiz aliitwa akiwa ametoka kupigana na kushinda Aprili 20, yaani wiki sita tu kabla ya siku ya New York. Mwili wake ulikuwa bado na joto la mazoezi. Aidha, alikuwa amepigania taji la WBO Desemba 2016 dhidi ya Joseph Parker nchini New Zealand, akashindwa kwa pointi. Bahati ilimfungulia mlango, lakini aliyekuwa tayari kuingia ni yeye.

Wanariadha wa Bonde la Ufa wana mfano wao. Katika marathoni ya Berlin ya mwaka 2000, Simon Biwott aliajiriwa kuweka kasi, kazi ambayo mwenye kuifanya hulipwa awaongoze wenzake kwa umbali fulani kisha ajiondoe. Biwott hakujiondoa. Alikaza mwendo hadi utepeni na kushinda mbio ambazo wengine walikuwa wameandaliwa kuzishinda. Asiyejua riadha angesema ni muujiza. Anayejua husema kwamba mweka kasi naye hufanya mazoezi ya bingwa.

Kisa cha pili kinaihusu Eldoret kwa karibu zaidi, kwa kuwa sababu yake ni hewa. Aprili 22, 2001, Lennox Lewis alipigwa nokauti na Hasim Rahman katika raundi ya tano huko Brakpan, karibu na Johannesburg. Eneo hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Rahman alikwenda mapema ili mwili uzoee hewa nyepesi. Lewis alichelewa, baada ya kushiriki katika kuigiza filamu huko Marekani. Mashabiki wa ughaibuni walishangaa kumwona bingwa akihema mapema. Mkazi wa Eldoret, mji ulio katika mwinuko wa takriban mita 2,100, asingeshangaa. Wanariadha wa kigeni huja huku na kupanda hadi Iten kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna anayetarajia kupata nguvu zake siku ya kwanza.

Hoja ya njama nayo ina mizizi katika mfuko wa shabiki. Buster Douglas alipomwangusha Mike Tyson jijini Tokyo, Februari 11, 1990, katika raundi ya 10, kasino moja ya Las Vegas ilikuwa imeahidi kulipa dola 42 kwa kila dola moja iliyowekwa kwa Douglas. Kwa maneno mengine, karibu kila mtu alikuwa upande mmoja. Nchini Kenya nako, pambano la Joshua na Ruiz lilitokea wakati ambapo kamari ya michezo ilikuwa imeenea kwenye simu za vijana. Mwezi mmoja baadaye, Julai 2019, serikali ilikataa kurejesha leseni za kampuni 27 za kamari. Aliyepoteza karo ya mtoto kwa kumtegemea bingwa huona ni rahisi kuamini kwamba ameibiwa kuliko kukubali kwamba hakumchunguza mpinzani.

Jambo ambalo mabishano hayo hulipita ni lile linalofuata baada ya kelele kunyamaza. Douglas alilitetea taji lake kwa mara ya kwanza Oktoba 25, 1990, akapigwa nokauti na Evander Holyfield katika raundi ya tatu. Rahman alirudiana na Lewis Novemba 17, 2001, akalala katika raundi ya nne. Ruiz alirudiana na Joshua nchini Saudi Arabia Desemba 7, 2019, akashindwa kwa pointi. Mabingwa hao watatu, waliotikisa dunia kwa nyakati tofauti, hakuna hata mmoja aliyevuka utetezi wa kwanza.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ruiz aliporudi ulingoni alikuwa na uzani wa kilo 128, takriban kilo saba zaidi ya siku aliyoshinda, na alikiri mwenyewe kwamba sherehe zilimnyima maandalizi. Joshua, kwa upande wake, alipunguza mwili na kubadili mtindo. Akakaa mbali, akapiga na kuondoka, hadi raundi ya 12. Ushindi wa kwanza uliletwa na utayari, na utayari huo ulipohamia kona ya pili, mataji yaliufuata.

Hapa ndipo Eldoret ina la kujifunza. Mwanariadha kijana anayeshinda mbio kubwa kwa mara ya kwanza huwa katika hali ya Ruiz. Mshindi wa Boston mwaka 2024 alitengewa dola 150,000, fedha ambazo familia nyingi za wakulima hazijawahi kuziona. Ghafla jamaa huongezeka, madalali wa ploti hupiga hodi, na harambee hazimalizi mwezi bila yeye kuwa mgeni wa heshima. Hakuna ubaya kununua shamba wala kuwasaidia ndugu. Ubaya huja pale saa za mazoezi zinapoliwa na saa za shukrani. Kocha humwambia, lakini sauti ya kocha mmoja hushindwa na sauti za wasifu mia.

Wengine, wakihofia kurudi walikotoka, hushika njia ya mkato. Rita Jeptoo alivuka utepe wa kwanza katika marathoni ya Chicago mwaka 2014, kisha ikabainika kwamba alikuwa amepatikana na EPO, na ushindi huo akapewa Mare Dibaba wa Ethiopia. Miller naye alimwachia Ruiz nafasi kwa namna iyo hiyo. Katika ndondi kama katika riadha, anayetumia dawa humfungulia mlango mwenzake aliyekuwa akisubiri.

Kuhusu bingwa aliyeanguka, mashabiki wa Eldoret hawahitaji kwenda New York kutafuta mfano. Oktoba 4, 2020, Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi Kaptagat, alimaliza wa nane jijini London, kushindwa kwake kwa kwanza katika marathoni tangu Berlin 2013. Wapo waliotangaza kwamba enzi yake imekwisha. Agosti 2021 alitetea dhahabu ya Olimpiki nchini Japani, na Septemba 2022 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09 jijini Berlin. Waliomzika mapema walilazimika kunyamaza.

Taji la uzani mzito litapokonywa tena, na ubishi utaanza upya. Shabiki makini atampongeza mshindi bila kumtukana aliyeshindwa, kisha ataahirisha hukumu. Pambano la kwanza huonyesha nani alikuwa tayari usiku mmoja. La pili huonyesha nani aliamka asubuhi iliyofuata, akafunga kamba za viatu na kurudi mazoezini.