Mshipi wa Ngozi ya Kwetu na Deni la Mwisho wa Mwezi



Katika maofisi yetu hapana neno tulipendalo kuliko hili la kuvisaidia vitu vitengenezwavyo nchini. Tumeliandika katika barua nyingi, na katika mikutano tumelipigia makofi. Lakini atakaye kujua kama twasema kweli, asitazame barua zetu, bali atazame viuno vyetu. Wengi wetu twafunga mishipi iliyotoka ng'ambo, nayo imepigwa chapa ya ngozi, kumbe si ngozi kamili: ni masalio ya ngozi yaliyosagwa, yakashikamanishwa kwa gundi, yakapakwa rangi juu. Baada ya miezi michache rangi hubanduka kama maganda ya kitunguu, na mwenyewe hurudi dukani kununua mwingine.

Nasema kwamba mshipi ulioshonwa kwa mkono na fundi wetu ni bora, tena ni rahisi zaidi mtu akihesabu kwa miaka. Ng'ombe tunao, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi kabisa. Dawa ya kuifanya ngozi mbichi isioze tunayo pia, katika magome ya miwati. Mti huo asili yake ni Australia, lakini Njombe umepandwa kwa wingi. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome hayo. Hukatwa baada ya miaka kama 10, na mwingine hupandwa mahali pake. Zamani magome ya mikoko ya Rufiji yalipelekwa Ulaya kwa kazi hiyo hiyo. Lakini mikoko ni ngao ya pwani na makao ya samaki, wala haifai kuichuna.

Viwanda vingi duniani hutumia chumvi za kromiamu, kwa kuwa zamaliza kazi kwa siku chache, hali magome yataka majuma mengi. Lakini maji yake yakimwagwa mtoni bila kusafishwa huleta madhara. Tena ngozi ya magome huwa nene na imara, haivutiki ovyo, na kwa mshipi hiyo ndiyo itakiwayo.

Sisemi kila fundi asifiwe. Wako wakatao mshipi katika ngozi ya tumbo, ambayo huvutika upesi, badala ya ngozi ya mgongo. Yafaa mnunuzi aulize mambo matatu: ngozi imetoka sehemu gani ya mnyama, imetengenezwa kwa dawa gani, na je, mkunjo unaoshika bizimu umeshonwa kwa uzi wenye nta, au umebandikwa kwa gundi tu? Kisha atazame ukingo uliokatwa. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zake tangu juu hata chini. Ya uongo huonyesha matabaka, kama karatasi iliyobandikwa juu ya kitambaa. Fundi mwema hachukii maswali hayo.

Sasa nije penye neno lililo gumu. Fundi huyu haangushwi na mishipi ya ng'ambo peke yake. Huangushwa na sisi tupatao mishahara. Yeye hununua ngozi kwa fedha taslimu, nasi twachukua mshipi kwa kusema, "Nitakulipa mwisho wa mwezi, fundi." Mwisho wa mwezi hufika, na njia yetu ya kupita mbele ya kibanda chake hubadilika. Mwenye duka kubwa hakopeshi, naye twamlipa papo hapo bila kunung'unika. Je, haki iko wapi? Mwenye mshahara wa kila mwezi amkopa asiye na mshahara, kisha amlaumu kwamba kazi yake haiendelei!

Kwa hiyo natoa shauri kwa kila tawi. Tuagize mishipi yetu kwa mafundi wa mji wetu. Tutoe nusu ya bei siku ya kuagiza, na nusu siku ya kupokea, wala asiondoke mtu na mshipi kwa deni. Tena mtunza fedha wa tawi aweza kukusanya fedha za watu 10 na kuagiza kwa pamoja, ili fundi apate kununua ngozi iliyo njema. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini hakuna atunzwaye kwa ahadi.