Kisomo Kianzie Nyumbani

Wapo wazazi katika mikoa ya Mbeya na Iringa ambao, wakiulizwa kwa nini mtoto wa miaka mitano hajui hata irabu, hujibu kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu. Jibu hilo ni kisingizio, tena cha hatari.

Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walibaki wasiozidi 10. Ushindi huo haukuletwa na walimu wa shule peke yao. Vijana waliomaliza darasa la saba waliwafundisha wazee wao. Iweje basi mjukuu wa mwanakisomo yule akose wa kumfundisha nyumbani?

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mzazi wa Mufindi au Tukuyu anaweza kuchora ba, be, bi, bo, bu kwa mkaa huku ugali ukiiva. Mtoto aliyelelewa kwa Kihehe au Kinyakyusa ndiye anayeuhitaji zaidi msaada huo, maana darasani atakabiliwa na lugha na herufi kwa pamoja.

Mzazi ajuaye kusoma, akamnyima mwanawe elimu hiyo, anamfungulia mlango adui ujinga aliyekwisha kufukuzwa.