DNA inaharakisha kuvipa viumbe majina, ila jicho bado lina kazi

Mkulima wa Sepuka, wilayani Ikungi mkoani Singida, akikuta kiwavi kwenye jani la hindi hana muda wa kusubiri. Yupo kiwavijeshi wa kawaida, anayesafiri kwa makundi. Yupo pia kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa Amerika, aliyeonekana Afrika mwaka 2016 na kuripotiwa Tanzania 2017. Wakiwa wadogo wanafanana mno. Ukikosea jina, unaweza kukosea na dawa.

Swali hilo la shambani ndilo linalowaumiza vichwa hata wanasayansi: huyu ni nani, na jina lake litapatikana lini?

Miaka 21 kwenye chupa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa, kwa wastani, kiumbe kipya hukaa miaka 21 kwenye makabati ya makumbusho kabla hajapewa jina. Sababu ni kwamba njia ya zamani ni ya polepole: kuhesabu magamba, kupima miguu, kukodolea macho hadubini.

Mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, wakaleta njia ya mkato. Yaani kusoma kipande kimoja kifupi cha DNA, chenye herufi kama 650, jinsi mashine ya supamaketi inavyosoma ile mistari kwenye pakiti ya sabuni. Mguu mmoja wa mdudu unatosha. Herufi zikipatikana, zinalinganishwa na zilizomo kwenye hifadhidata.

Vyura wa Tanzania

Mfano mzuri uko hapa hapa nchini. Mwaka 2025 watafiti walitangaza spishi tatu mpya za vyura wa milima ya Tanzania ambao hawatagi mayai majini, bali huzaa watoto kamili. Chura wa kwanza wa aina hiyo alielezwa na Mjerumani Gustav Tornier mwaka 1905. Tangu hapo, vyura wengi wanaofanana waliitwa kwa jina hilo moja.

Kilichofungua fundo ni kuchanganya njia mbili. DNA ilitolewa kwenye vielelezo vya zamani vya makumbusho, kisha ikawekwa pamoja na vipimo vya maumbo ya vyura wenyewe. Ndipo ikajulikana jina la Tornier ni la nani hasa, na nani wanahitaji majina mapya.

Haraka hiyo si ya mapambo. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa, makazi yake yakakauka. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani hadi aliporudishwa nyumbani.

DNA pekee haitoshi

Samaki aitwaye ngege, ambaye kwa Kiingereza amepewa jina la Singida, anaonyesha kasoro ya njia hii. Ngege anaweza kuzaliana na sato. Sasa, kile kipande cha DNA kinachosomwa hurithiwa kutoka kwa mama tu. Chotara mwenye mama ngege atasomeka ni ngege, na baba sato haonekani kabisa. Bila kuangalia umbo na jeni nyingine, ngege anaweza kumezwa na sato huku kompyuta ikisema yupo salama.

Ndiyo maana mwaka 2021, nyigu 403 wa Kosta Rika walipopewa majina kwa mpigo mmoja kwa kutegemea zaidi DNA, wataalamu wengine walikuja juu. Hoja yao ilikuwa rahisi: jina lisilo na maelezo ya umbo halimsaidii mtu asiye na maabara.

Sepuka inahusikaje?

Magharibi mwa Ikungi kuna bonde la Wembere, ambalo mipango ya kulimwagilia imezungumzwa tangu enzi za Wajerumani. Usambara na Udzungwa zina sifa duniani kwa viumbe wake. Nyanda kame za kati hazina umaarufu huo. Kiumbe asiye na jina haingii kwenye tathmini ya mazingira, na asiyeingia humo hana wa kumtetea trekta likifika.

Kwa hiyo kasi inahitajika, lakini kasi inayomfikia na mtu wa chini. Kiwavijeshi vamizi ni ushahidi: DNA humthibitisha maabara, ila mkulima humjua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Maabara ikishamaliza kazi, alama kama hizo ndizo zinazopaswa kufika shambani, na zifike kabla mahindi hayajaliwa.