Mchanga Mweupe wa Njia ya Kondoa

Ndugu msomaji, juma hili weka jembe chini kidogo, uingie basi pamoja nasi. Tunaondoka Dodoma mjini asubuhi na kushika njia ya kaskazini, iendayo Kondoa na Babati. Zamani safari hii ilikuwa kazi kubwa. Wakati wa kiangazi vumbi liliwafanya abiria wote wafanane, na wakati wa masika magari yalilala njiani yakingoja mto upungue. Tangu mwaka 2018 njia yote, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, ni ya lami. Ni sehemu ya ile barabara ndefu itokayo Cape Town kusini mpaka Cairo kaskazini. Siku hizi mtu hufika Kondoa mapema, hata chakula alichofungiwa na mkewe hakijapoa. Lakini mwendo wa upesi una hasara yake: watu husinzia, wasione kitu. Nakuomba usisinzie, maana njiani kuna jambo linalokuhusu wewe na shamba lako.

Jambo lenyewe ni mchanga.

Kila tukivuka daraja watoto hukimbilia dirishani watazame mto. Ikiwa ni kiangazi, hawaoni maji. Wanaona mchanga mtupu, mweupe, unaong'aa juani hata macho yanauma. Mto umelala kama barabara nyingine, pengine pana kuliko hii ya magari. Mgeni akiuona husema, "Kumbe tumefika jangwani!"

Je, ni jangwa kweli? Tulitazame neno hili vizuri. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki mbingu ni kavu. Tena jua la huku likipata bwawa lililo wazi hunywa maji yake kiasi cha kina cha mita mbili kwa mwaka. Yaani jua linadai mara tatu na zaidi ya kile kinacholetwa na mvua. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Tabora na Ujiji iliiogopa Ugogo kwa sababu ya kiu, na watemi wa Kigogo walitoza hongo bila wasiwasi, maana mwenye kisima ndiye mwenye njia. Hata hivyo, nchi kavu si jangwa. Mtama na uwele huota, mibuyu hunenepa, na ng'ombe hunona majani yakiwapo.

Yako majangwa ya mchanga mweupe yaliyojitengeneza yenyewe bila mkono wa mtu. Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, iko nchi iitwayo White Sands, maana yake Mchanga Mweupe. Ni vilima vyeupe kama unga, vimeenea kilomita za mraba 700 hivi, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuvitazama. Mchanga ule ni jasi, jiwe laini kama hili linalochimbwa Itigi. Mvua huiyeyusha jasi milimani na kuileta bondeni, na bonde lile halina mto wa kuitoa kwenda baharini. Maji hukauka, jasi hubaki, na upepo huikusanya kuwa vilima. Pale hapana mtu wa kulaumiwa.

Sisi tunalo bonde la namna hiyo, lisilo na njia ya kutokea. Mto Bubu unaotoka upande wa Kondoa huishia katika kinamasi cha Bahi, haufiki baharini. Lakini mchanga wa mito yetu si jasi, na habari yake ni nyingine.

Mchanga wetu umetoka katika mawe magumu ya vilima vyetu. Mawe hayo huoza polepole yakawa udongo, na ndani ya udongo mna mchanga, mna mfinyanzi mwekundu, mna mboji ya majani. Kilima kikiwa na majani na miti, mvua hushuka taratibu na udongo hukaa mahali pake. Kilima kikiwa uchi, mvua ya kwanza ya Desemba hukipiga kama fimbo na kuuteremsha udongo mtoni. Hapo mto hufanya kazi kama mama apepetaye mtama katika ungo: kilicho chepesi huchukuliwa, kilicho kizito hubaki. Ila mama hupeperusha makapi akabaki na chakula. Mto huchukua chakula ukatuachia makapi. Ule mchanga mweupe unaopendeza macho ndio makapi ya shamba la mtu fulani huko juu.

Ukitaka ushahidi, kumbuka bwawa la Ikowa, upande wa Chamwino. Lilijengwa mwaka 1957. Wataalamu waliolipima baadaye walikuta linajaa tope na mchanga upesi kuliko walivyodhani wajenzi wake. Kasoro ilikuwa huko vilimani.

Haya, tumekwisha kupita Makutupora, penye visima vinavyonywesha mji wa Dodoma. Tumepita Mayamaya, tumepita Chemba. Sasa twafika Kondoa, na mbele yetu ni milima ya Irangi, nchi ya Warangi. Ukiendelea kidogo kaskazini utafika Kolo, penye michoro ya kale katika mapango, ambayo tangu mwaka 2006 imehesabiwa kuwa urithi wa dunia nzima. Waliochora walichora twiga, tembo na pofu, yaani wanyama waliowafahamu. Nawe ukitazama kutoka pale juu utaona makorongo mekundu yaliyopasua milima, mengine yana kina cha kumeza mti mzima na matawi yake.

Makorongo hayo yalikujaje? Si haki kuwatupia wazee wetu lawama yote. Wataalamu waliochunguza matabaka ya udongo wa Irangi wamekuta kwamba mmomonyoko mwingine ni wa kale mno, wa miaka elfu nyingi iliyopita. Lakini mwingine ni wa juzi. Misafara ilitaka nafaka, na misitu ikakatwa ili watu walime. Katika nyanda za chini mlikuwa na mbung'o, kwa hiyo watu na ng'ombe walisongamana milimani. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliamuru vichaka vifyekwe ili kuwafukuza mbung'o. Watu waliongezeka, mifugo iliongezeka, kuni zilitakiwa kila siku. Kila mmoja alifanya jambo dogo lenye sababu njema, na mambo hayo madogo yakijumlishwa yakawa korongo.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wakauita HADO. Walichimba makingamaji, walipanda miti, lakini mifugo ilizidi kukanyaga na kula kila chipukizi. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu, wakahamishwa.

Msomaji mfugaji, tulia hapo ufikiri. Mahari ya mtoto wa kiume, maziwa ya mtoto mchanga, samadi ya shamba, akiba ya mwaka wa njaa, vyote vilikuwa ng'ombe. Baba wengine walifuatana na mifugo kwenda nyanda za chini, mama wakabaki na watoto na mashamba yasiyo na samadi. Wengine walichunga kwa siri, wakiogopa askari. Anayesimulia uponyaji wa Kondoa bila kutaja machozi haya hasimulii kweli yote.

Na uponyaji ulikuwapo. Katika miaka michache majani yalirudi milimani, kisha vichaka, kisha miti, mingi bila kupandwa na mtu. Maji ya mvua yalipungua ukali. Mito ya mchanga ilianza kuwa myembamba, na mahali pengine palipokuwa mchanga mtupu watu wakaweza kulima. Kuanzia mwaka 1989 ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya banda, wakiletewa majani, na samadi ikarudi shambani. Lakini mradi ulipokwisha katika miaka ya 1990 ulinzi ulilegea, na mifugo ikaanza kurudi milimani. Yafaa nasi tukumbuke: kilichopona kwa shida huweza kuugua tena kwa urahisi.

Basi fundisho la njia hii ndilo hili. Nchi iliyoharibika yaweza kuponywa, lakini hutoza bei. Anayelipa mapema hulipa kidogo, kwa hiari yake, na mifugo yake ikingali zizini. Anayechelewa hulipa yote kwa mara moja, tena kwa amri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Utauliza, "Mimi mtu mmoja nifanye nini?" Nakupa mambo matatu.

Kwanza, tazama visiki vya shambani mwako. Visiki vingi unavyovidhani vimekufa vina mizizi hai chini, na kila mwaka hutoa machipukizi, nawe kila mwaka huyafyeka. Mwaka huu usiyafyeke yote. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, funga kitambaa au kamba kwenye yale uliyoyaacha ili kila mtu ajue, na uwakataze watoto wasiyalishe mbuzi. Huko Dodoma kazi hii inaitwa Kisiki Hai, nayo imeenea vijijini. Haidai fedha, haidai mbegu, haidai ndoo ya maji, kwa sababu mzizi umekwisha shika ardhi tangu zamani. Huko Niger, nchi iliyo kavu kuliko yetu, jambo hili lilianza kuenezwa katika miaka ya 1980 na mmishonari kutoka Australia, Tony Rinaudo, na wakulima wa huko wamerudisha miti katika hekta milioni tano hivi.

Pili, usilime kwa kufuata mteremko. Lima kwa kuukata, na matuta yako yalale kama ngazi, ili maji yatembee badala ya kukimbia. Ukiona mfereji mdogo umeanza shambani, uzibe mwaka huu kwa mawe na matawi. Mtoto wa miaka kumi aweza kuuziba leo. Ukiuacha, siku moja hata tingatinga litashindwa.

Tatu, uheshimu mchanga wenyewe. Ingawa ni makapi, una kazi. Chini ya mchanga wa mto maji hujificha, jua lisiyafikie. Mama zetu wanaochimba kwa kibuyu katika mto mkavu mwezi wa Oktoba wanajua hayo bila kufundishwa na mtu. Huko Kitui, nchini Kenya, watu wamejenga kuta fupi kukata mito ya namna hii, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakakaa ndani ya mchanga kama ndani ya mtungi. Siku hizi Dodoma inajengwa upesi, na malori yanatafuta mchanga mitoni. Kijiji kinachouza mchanga wote wa mto wake kitapata fedha za msimu mmoja, lakini kimeuza mtungi pamoja na maji yaliyomo. Jambo hili lafaa kusemwa katika mkutano wa kijiji, na akina mama wapewe nafasi ya kusema kwanza, kwa kuwa ndio wachotao.

Msomaji mpenzi, tumefika. Nawe huna haja ya kupanda basi mpaka Kondoa ili uone tuliyoyaona. Jumapili alasiri wachukue watoto mpaka kwenye mto ulio karibu na nyumbani. Waulize mchanga huu umetoka kilima gani, kisha mpande wote mpaka huko juu mkatazame. Mkikuta kilima ki uchi, hesabuni visiki vyake. Pengine vingi bado vi hai.

Kwa herini mpaka juma lijalo.