Upasuaji wa kupunguza uzito umesogea karibu, maandalizi bado yako mbali

Miaka michache iliyopita, Mtanzania aliyetaka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito alianza kwa kuulizia nauli ya kwenda India. Leo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, inawawekea watu puto tumboni na imeshafanya upasuaji wa aina hiyo. Nairobi nako zipo hospitali binafsi zinazoufanya. Mjadala umehamia kwenye simu za mkononi: picha ya kabla na ya baada, bei, na daktari gani ana mkono mwepesi.

Uhitaji upo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na ule wa 2022 ulionyesha kuwa wameongezeka. Si wote hao wanaohitaji kisu, lakini wapo ambao kisukari, presha, magoti na kukatika pumzi usingizini vimewafikisha mahali ambapo kutembea asubuhi na kupunguza ugali hakutoshi tena. Kuwaambia hao "jitahidi tu" ni kuwaonea.

Tatizo ni kwamba katika picha zile mbili, ya kabla na ya baada, hakuna picha ya katikati. Wiki za kujiandaa hazionekani, na miezi ya kujifunza upya kula haionekani. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi tatu hivi, na unabadilisha tumbo. Haubadilishi sababu zilizomfanya mtu ale, wala watu anaokula nao.

Tuanze na nani anafaa. Kwa miaka mingi madaktari walitumia mwongozo wa Marekani wa 1991, uliotaka kipimo cha BMI kiwe 40 na zaidi, au 35 na zaidi kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 na zaidi hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi kama hayo. Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mama mwenye urefu wa mita 1.6 na kilo 90 anapata 35.

Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa likiwa tumboni, na baada ya miezi sita au mwaka, kulingana na aina yake, huondolewa. Wengi hulichukulia kama njia ya mkato. Puto humpa mtu muda wa kujizoeza kula kidogo. Asiyejizoeza hurudi alikotoka likishatolewa. Upasuaji ni jambo jingine kabisa. Ule unaofanyika zaidi, madaktari wanauita slivu, hukata na kuondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na kipande hicho hakirudishwi. Baipasi hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia.

Matokeo? Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza kuandikisha wagonjwa mwaka 1987 uliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka miwili waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 23. Baada ya miaka 20, asilimia 18. Vifo vyao vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29 kuliko vya wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Upasuaji wa siku hizi hupunguza zaidi ya ule wa wakati huo, lakini mwenendo ni uleule: uzito hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza, hutulia, kisha kiasi hurudi. Kwa wastani wa Sweden, mtu aliyeingia na kilo 120 alibaki na 98 hivi. Ni faida kubwa kwa moyo na sukari yake, ila anayetarajia kutoka na umbo la msichana wa kwenye tangazo atajiona ameshindwa wakati amefanikiwa. Ngozi iliyolegea tumboni na mikononi hubaki. Nywele hukatika kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena. Haya yasemwe mapema, kabla ya karatasi ya ridhaa kusainiwa.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havina. Hapa, mtu akipungua kilo 30 ndani ya mwaka, mtaa haumpongezi kwanza. Unanong'ona. "Amekanyaga waya," watasema, au ana kansa anaificha, au mume amemchosha. Unene kwetu bado ni ushahidi kwamba nyumba ina chakula na mama anatunzwa. Kwa hiyo amua mapema nani ataambiwa ukweli na nani ataambiwa kifupi tu. Si lazima ukoo mzima ujue, lakini anayelala nawe chumba kimoja na anayepika lazima wajue. Mama mkwe anayekuwekea bakuli la pili la pilau hana nia mbaya; hajui tu kwamba vijiko vitatu vya ziada vitakutapisha.

Ndoa nazo hutikisika. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa 2018 ulikuta kwamba waliofanyiwa upasuaji huu wakiwa na wenza waliachana zaidi kuliko wenzao wasiofanyiwa, na waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Mwili unapobadilika, mizani ya nyumba hubadilika pia. Mume aliyezoea kuwa yeye ndiye anayetazamwa barabarani anaweza kuanza kuuliza unakokwenda. Zungumzeni kabla.

La kuzingatia zaidi ni wale ambao chakula kilikuwa dawa yao ya huzuni. Anayekula usiku peke yake baada ya ugomvi, anayekula mpaka aumie kisha ajichukie, huyo anahitaji mwanasaikolojia kabla ya daktari wa upasuaji. Tumbo likifungwa, huzuni hutafuta mlango mwingine. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulionyesha matatizo ya pombe yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, kwa sababu pombe hupanda kichwani haraka zaidi. Huko Ontario, Canada, matukio ya dharura ya watu kujidhuru yaliongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji, ikilinganishwa na kabla. Bado ni watu wachache miongoni mwa wengi, lakini mwenye historia ya sonona au aliyewahi kufikiria kujiua aseme wazi kliniki. Kusema hakumnyimi huduma. Kunampa mtu wa kumwangalia.

Wiki mbili kabla, hospitali nyingi humpa mgonjwa mlo wenye wanga na mafuta kidogo sana ili ini lisinyae, maana ini kubwa humzuia daktari kuliona tumbo. Anayekula kila kitu "kuaga chakula" usiku wa mwisho anamharibia daktari wake kazi na kujiongezea hatari. Sigara ziachwe angalau wiki sita kabla. Dawa zote zitajwe, pamoja na za mitishamba.

Nyumbani, fikiria mambo madogo. Nani atachota maji? Kwa wiki nne hadi sita hutakiwi kubeba ndoo, gunia wala mtoto mgongoni. Blenda ipo, na umeme ukikatika mtafanyaje? Wiki mbili za kwanza ni vimiminika tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari. Kisha vilivyosagwa kama mtori, kisha vilaini, na kuanzia wiki ya sita au ya nane ndipo chakula cha kawaida, kwa vipimo vya kijiko. Protini hutangulia kila kitu: yai, samaki, mtindi, maharage yaliyopondwa. Wali mkavu na mkate laini huwakwama wengi. Ugali ujaribiwe taratibu. Maji yanywewe kwa mafunda siku nzima, si pamoja na chakula. Soda hapana.

Bajeti watu huikosea hapa. Bei unayotajiwa ni ya upasuaji. Vitamini, madini ya chuma, kalsiamu na B12 ni za maisha yote, pamoja na vipimo vya damu kila mwaka. Uliza bima yako inalipia nini, na ujibiwe kwa maandishi. Kama fedha ya vidonge vya mwaka wa pili haionekani, ni afadhali kuahirisha.

Suala la umbali linanitia hofu kuliko yote. Mgonjwa anafanyiwa Dar es Salaam, anarudi Kigoma au Tunduma. Wiki ya tano anaanza kutapika kila siku. Anakwenda zahanati, anawekewa dripu ya glukosi, anaambiwa ni gesi. Kutapika kwa siku nyingi baada ya upasuaji huu humaliza vitamini B1 mwilini, na glukosi ikiingia bila B1 inaweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu: macho kucheza, miguu kukosa nguvu, kumbukumbu kupotea. Beba barua yenye jina la upasuaji uliofanyiwa, na mwenye kukuuguza aweze kusema sentensi hii: "Amekatwa tumbo, anatapika, apewe B1 kabla ya glukosi." Katika wiki za kwanza, homa, mapigo ya moyo ya kasi, maumivu makali ya tumbo au ya bega, au mguu mmoja kuvimba ni mambo ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na baada ya baipasi, dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen ziepukwe kwa sababu huleta vidonda vya tumbo. Mwambie na muuza duka la dawa.

Kwa wanawake, uzito ukipungua mayai hurudi kupevuka, na aliyehangaika miaka kutafuta mtoto anaweza kushika mimba bila kutarajia. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemewa. Tumia njia nyingine. Wanaofunga Ramadhani wazungumze na daktari mapema, kwani kukaa mchana kutwa bila maji katika mwaka wa kwanza ni hatari kwa tumbo linalopokea funda moja moja.

Wazazi wameanza kuuliza kuhusu vijana. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 na zaidi mwenye unene mkali apelekwe kutathminiwa kwa upasuaji. Ushahidi una uzito: katika utafiti mmoja wa huko, uliochapishwa 2019, miaka mitano baadaye kisukari kilikuwa kimetulia kwa vijana 86 kati ya 100 waliokuwa nacho, dhidi ya watu wazima 53. Lakini karibu nusu ya vijana hao walikuwa na upungufu wa akiba ya madini ya chuma, na walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Kijana wa bweni atakunywa vidonge vyake nani akimwangalia? Na yeye mwenyewe anautaka, au anautaka mama aliyechoka kusikia mwanawe akiitwa bonge? Mzazi aombe daktari azungumze na mtoto peke yao, dakika 20, mlango umefungwa. Akisema hataki, subirini.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya awali, muulize daktari maswali matatu: umefanya upasuaji huu mara ngapi, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia wenu ni nani, na nikianza kutapika saa nane usiku nikiwa mkoani nampigia nani? La tatu lijibiwe kwa jina na namba. Ukipewa namba ya mapokezi inayofungwa saa kumi jioni, chukua faili lako, tafuta hospitali nyingine.