Anayeng'oa friji ya gesi ahesabu na betri

SOKO la magari ya kambi huko Marekani limepanda na kuporomoka vibaya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji magari na matrela 600,240, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mwaka 2023 idadi hiyo ilianguka hadi 313,174, na mwaka 2024 ikajikongoja hadi 333,733. Hata hivyo, ndani ya soko hilo kuna mabadiliko ambayo hayakungoja hali iwe nzuri. Friji ya kompresa, inayotumia umeme wa betri wa volti 12, inaisukuma nje friji ya gesi. Inafanya hivyo katika magari mapya yanayotoka viwandani Elkhart, Indiana, na pia katika yale ya zamani ambayo wenyewe wanaamua kung'oa friji waliyoikuta.

Mahali pa kuyatazama vizuri mabadiliko haya ni kwenye vibanda vya pikapu, yaani vile vyumba vidogo vyenye kitanda, jiko na friji, ambavyo hupakiwa mgongoni mwa pikapu na kushushwa safari ikiisha. Nafasi humo ni finyu. Mtungi wa gesi ni mmoja au miwili, betri mara nyingi ni moja, na gari lenyewe hupita njia mbovu na kuegeshwa popote penye upenyo. Wauzaji wengi huifanya habari hii kuwa fupi: toa ya gesi, weka ya kompresa, mteja aondoke anacheka. Hesabu hiyo ina tundu kubwa. Anayeingia katika biashara hii kwa kutazama bei ya friji peke yake atauza nusu ya bidhaa na kubaki na lawama nzima.

Inafaa kwanza ieleweke ni nini kinachong'olewa. Friji ya gesi ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaiingiza sokoni miaka michache baadaye. Haina mota wala kitu chochote kinachozunguka. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji ndani ya mabomba yaliyofungwa pamoja na hidrojeni. Amonia hupanda, hupoa, hushuka, na katika mzunguko huo huchukua joto la ndani ya sanduku. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kuliko wanavyodhani. Zile friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo kwenye zahanati za vijijini, zenye utambi chini na bomba la moshi nyuma, ni ndugu wa tumbo moja na hizi.

Sifa yake ni kimya na uvumilivu. Udhaifu wake ni kwamba kazi yote inategemea maji kuteremka yenyewe, na kwa hiyo lazima friji isimame wima. Mafundi hukadiria kwamba isipinde zaidi ya nyuzi 3 upande mmoja na nyuzi 6 upande mwingine. Kwa trela lililotulia kwenye sakafu ya saruji hilo si tatizo. Kwa kibanda cha pikapu kilichoegeshwa kwenye mteremko, ni tatizo la kila jioni. Friji ikiwashwa ikiwa imelala upande, maji hayarudi kwenye kichemshio, bomba linaungua, dawa ya kuzuia kutu iliyomo inaganda na kuziba njia, na siku moja mwenye gari anasikia harufu kali ya amonia. Hapo hakuna fundi wa barabarani atakayemsaidia.

Limekuwapo pia suala la moto. Mwaka 2006 kampuni ya Dometic iliita friji zake zaidi ya 900,000 huko Marekani kwa sababu bomba la kichemshio liliweza kupata ufa na kuvujisha gesi inayowaka. Kuna wanaosema mambo hayo ni ya zamani na yalikwisha rekebishwa. Ni kweli, lakini magari ya miaka ile bado yako barabarani, na ndiyo hasa yanayoletwa kwa mafundi kubadilishwa friji.

Friji ya kompresa haijali mteremko wa kawaida. Nyingi hufanya kazi zikiwa zimeinama hata nyuzi 30. Hupoza kwa saa chache ambapo ya gesi hutaka kuwashwa tangu jana yake, na joto la nje likipita nyuzi 35 bado inamudu, wakati mwenzake anaanza kushindwa kutunza maziwa. Moyo wa nyingi kati ya hizi ni kompresa ndogo aina ya BD35, ambayo ilijulikana kwa jina la Danfoss mpaka mwaka 2010 kampuni hiyo ilipouza kitengo chake, na tangu hapo hutoka kwa jina la Secop. Wajapani wa Sawafuji, watengenezaji wa friji za Engel, wana mota yao ya aina nyingine. Katika miaka ya karibuni China imeleta zake kwa wingi na kwa bei ya chini, nyingine nzuri, nyingine za kuuzwa mara moja tu kwa mteja mmoja.

Sasa hesabu. Friji ya kompresa ya ukubwa unaofaa kibanda cha pikapu huvuta ampea 3 hadi 5 inapozunguka, lakini haizunguki muda wote. Kwa siku nzima inakula ampea-saa 30 hadi 50, kipimo kile kinachoandikwa Ah ubavuni mwa betri. Ikichukuliwa 40 kwa friji na 10 kwa taa, pampu ya maji na simu, jumla ni 50. Betri ya kawaida ya risasi na tindikali ya 100Ah haifai kutumiwa zaidi ya nusu, au itakufa mapema. Maana yake ni siku moja, kisha giza. Betri ya lithiamu ya 100Ah inaweza kutoa karibu 90, na hiyo ni siku moja na robo tatu. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, ikipata saa 5 za jua kali na kuondoa upotevu wa njiani, hurudisha kama 55. Friji inalipwa na jua, na kinachobaki ni kidogo.

Upande wa gesi, mtungi wa kilo 9 unaotumika sana Marekani huendesha friji ndogo kwa gramu 300 hadi 400 kwa siku. Hizo ni zaidi ya wiki tatu. Hakuna jua linalohitajika, hakuna injini kuwashwa. Mtu anayeegesha kwa siku kumi chini ya miti mirefu ya Oregon wakati wa mvua, ukimuuzia friji ya kompresa na paneli moja, umemwibia. Wapo wauzaji wasiotaka kulisema hili, na ndilo jambo la kwanza ambalo mteja angepaswa kuulizwa: gari lake hulala wapi, na huondoka baada ya siku ngapi?

Anayesafiri kila siku ana jibu jepesi. Chaja ya ampea 30 inayochukua umeme wa altaneta na kuupeleka kwenye betri ya nyuma hurudisha matumizi ya siku nzima ya friji kwa mwendo wa saa moja na nusu. Kwa mtu huyo paneli ni ziada, na pengine angeshauriwa aanze na chaja hiyo kabla ya kutoboa paa.

Kwa mfano wa hesabu ya kibiashara, ichukuliwe friji ya kompresa kwa dola 1,000, betri ya lithiamu 300, paneli na kidhibiti chake 250, chaja ya altaneta 200, na nyaya, fyuzi na vifuniko 100. Jumla ni dola 1,850, na friji yenyewe ni zaidi kidogo ya nusu. Mwenye friji ya gesi iliyokufa anaweza kununua nyingine ya gesi kwa dola 1,300 hivi, akaipachika kwenye tundu lile lile, akaondoka. Kwake, kubadili ni hasara ya dola 550 isipokuwa kama anathamini mambo mengine. Lakini mwenye kibanda ambacho tayari kina paneli na betri nzuri anatoa dola 1,100 tu, na hapo friji ya gesi haina cha kujitetea. Bidhaa ni moja, wateja ni wawili, na faida haifanani. Ajabu ni kwamba matangazo huwaita wote kwa maneno yale yale.

Kilichofanya hesabu hii iwezekane ni kushuka kwa bei ya vitu vinavyoizunguka friji. Katikati ya miaka ya 1990 paneli ya sola iliuzwa kwa zaidi ya dola 4 kwa wati moja. Siku hizi kiwandani ni senti chache kwa kulinganisha. Betri za lithiamu, kwa bei ya wastani inayojumlisha za magari, zilikuwa juu ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 na zikashuka hadi 115 mwaka 2024. Friji ya kompresa yenyewe haijashuka kwa kasi hiyo. Aliyeweka mtaji kwenye friji akidhani ndiyo itakayoporomoka bei, na akapuuza betri, aliukamata mkia badala ya kichwa.

Kazi ya kubadilisha nayo ina gharama zake zilizojificha. Friji ya gesi ina matundu mawili ya hewa, moja ukutani chini na jingine juu, kwa ajili ya joto na moshi. Baada ya kuing'oa, bomba la gesi lazima lizibwe kwa kifuniko chake maalumu chenye nyuzi, si kwa kulikunja, na likaguliwe kwa povu la sabuni. Matundu huzibwa na kuwekewa kizuia joto, ila kompresa iachiwe nafasi ya kupumua. Kisha nyaya, mahali ambapo wengi hubana senti na kupoteza dola. Kwa volti 12, waya wa milimita za mraba 2.5 unafaa kwa mita 2.5 tu, mita 4 zinataka waya wa 4, mita 6 waya wa 6. Kiwanda kiliweka waya mwembamba kwa ajili ya taa ya friji ya gesi na kiberiti chake. Fundi akiunganisha kompresa humo, umeme unachoka njiani, kompresa inajizima, na mteja anarudi akidai ameuziwa friji mbovu.

Je, zile friji za gesi zinazong'olewa? Zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mwenye jicho la biashara lazima azitazame mara mbili. Asitazame mara ya tatu. Friji ya gesi iliyolala kifudifudi kwenye kontena, isiyojulikana iliwahi kuwashwa imepinda mara ngapi, ni bahati nasibu, na ndani ina amonia na kemikali ya sumu. Huko Shipshewana, Indiana, mafundi Waamishi, ambao wengi wao hutumia friji za gesi majumbani kwa kuwa hawajiungi na gridi ya umeme, wamefanya jambo la akili zaidi. Wao hujenga upya ule mgongo wa mabomba, na siku hizi hutengeneza mgongo wenye kompresa unaopachikwa nyuma ya sanduku lile lile la zamani. Milango, rafu na vipimo vinabaki. Kwa mwekezaji mdogo mwenye karakana, huo ndio upande wa biashara hii wenye mtaji mwepesi na washindani wachache.

Anayeagiza friji mpya za kompresa aangalie pia maandishi madogo yanayotaja gesi ya ndani. Nyingi bado zina R134a, ambayo nguvu yake ya kupasha dunia joto ni mara 1,430 ya hewa ukaa. Makubaliano ya Kigali, yaliyofikiwa Rwanda Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 2019, yanataka gesi za jamii hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Ulaya ilizipiga marufuku katika friji mpya za nyumbani tangu 2015. Hakuna atakayekuja kuikamata friji iliyoko garini, lakini mzigo wa friji 200 za R134a leo ni mzigo ambao matengenezo yake yatakuwa ghali miaka kumi ijayo. Zenye R600a zipo, na tofauti ya bei haitoshi kuwa kisingizio.

Kwa soko la nyumbani, wenye magari ya safari ya Arusha na Nairobi wamekuwa na friji za volti 12 kwa miaka mingi, kwa ajili ya maji na soda za wageni, na gari linalotembea mbugani kutwa nzima hulipa umeme wake bila shida. Shida huja gari likilala kambini siku mbili huku friji imeunganishwa kwenye betri ya kuwashia injini. Kinga iliyomo kwenye kompresa za BD35, isipobadilishwa, huzima friji volti zikifika 10.4. Hapo friji imesalimika, lakini injini haiwaki, na wageni wana ndege ya saa nne asubuhi. Betri ya pili pamoja na kitenganishi chake vinagharimu chini ya bei ya kukodi gari la kuwafuata.